Beseni la Mke Wangu na Shimo la Wagiriki

Watu wetu wa hapa Sydney walikuwa na swali moja kwangu, iwe harusini au msibani: "Umeacha ualimu Tanga, umevuka bahari yote hiyo, kuja kusomea takataka?" Nikajibu ndiyo, tena takataka za Wagiriki wa kale, na kama wanazo zao wakaribie tu. Walicheka. Mke wangu hakucheka. Yeye ndiye aliyeamka alfajiri kwenda Seven Hills kuhudumia wazee ili mimi nikae na vigae vyangu, vipande vya vyombo vya kale, na nilimwona anavyoinamisha uso swali lile likiulizwa. Aliona aibu, na mimi iliniuma.

Kazi yangu chuoni, katika masomo ya akiolojia, ilikuwa kutafuta umri wa shimo moja la taka. Zamani hizo, katika mji mmoja wa Ugiriki, watu walichimba shimo nyuma ya nyumba, wakatupa humo vyungu, taa za udongo na vikombe vilivyovunjika, mwisho wakafukia. Kigae hakina tarehe, lakini kina mtindo. Mdomo wa kikombe hubadilika, kitako cha taa hubadilika, kama suruali zetu zinavyopanuka na kubana. Ukiijua mitindo, utajua shimo lilifukiwa enzi gani.

Waliochimba kabla yangu walikuwa wameshalikadiria shimo hilo umri. Chini kabisa walikuta kipande cha bakuli zuri, jeusi la kung'aa, la mtindo wa zamani sana. Wakasema shimo lilianza kujazwa enzi za bakuli hilo, likajaa polepole, ya kale chini na ya karibuni juu. Msimamizi wangu chuoni, mama mkali mwenye roho nzuri, alikubaliana nao. Nilitakiwa niende Ugiriki nikavishike vigae kwa mikono yangu. Ikaja korona, mipaka ikafungwa, nikabaki nyumbani Doonside na picha kwenye kompyuta, nimevaa kanzu mchana kutwa kama mgonjwa.

Siku moja katika kufungiwa huko, beseni la mke wangu la kufulia likapasuka. Nikamwambia tuagize jingine mtandaoni.

"La nini?" akasema. "Hili lina nini?"

Akaipasha moto sindano nene kwenye jiko, akatoboa matundu mawili mawili, moja upande huu na moja upande ule wa ufa, akapitisha mshipi wa kuvulia samaki, akakaza kwa meno. Kwao Tanga beseni halitupwi kwa sababu ya ufa mmoja, na kwetu pia. Mimi nilikuwa mezani palepale, mbele yangu picha ya kipande cha mdomo wa bakuli kilichotoka juu kabisa ya shimo. Kilikuwa na tundu dogo. Waliochimba waliandika kwamba ni tundu la kuning'inizia bakuli ukutani.

Nikatazama beseni. Nikatazama picha. Tundu lilikuwa ukingoni kabisa mwa mpasuko. Nani anayening'iniza chombo kwa kutoboa penye ufa? Nikaitafuta picha ya kile kipande cha chini, cha kale. Nacho kilikuwa na tundu, ukingoni vilevile.

"Mke wangu," nikasema, "hawa watu walikuwa wanashona mabakuli!"

"Sasa ulidhani wanatupa tu?" akajibu, hajainua hata macho.

Kama vipande vile viwili vilikuwa vya bakuli moja, hesabu yote ilianguka. Nusu iko chini na nusu iko juu: basi shimo halikujaa polepole, lilijazwa kwa mkupuo mmoja. Na bakuli lililoshonwa ni bakuli lililopendwa, limezeekea ndani ya nyumba kabla ya kutupwa. Halituambii shimo lilifukiwa lini. Vya kutuambia ni vyungu vya kupikia na taa za bei rahisi, vinavyovunjika upesi, na hivyo vilikuwa vya mtindo wa baadaye sana.

Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho. "Umejenga sura nzima ya tasnifu juu ya picha mbili," akasema. "Visipoungana, uifute."

Tukamwomba mama anayetunza ghala la vigae kule Ugiriki avijaribu mbele ya kamera. Kwake asubuhi, kwetu jioni. Mke wangu alikuwa ndio karudi kutoka kazini, bado na sare na barakoa kidevuni, akasimama mlangoni. Yule mama akavikutanisha vipande. Havikukaa. Akakigeuza kimoja juu chini, akasogeza taratibu, na vikakaa kimya, bila hata mwanya. Matundu yakatazamana juu ya ufa. Katika moja bado kilikuwemo kipande kilichopinda cha madini ya risasi waliyotumia kushonea.

"Umejuaje?" msimamizi akauliza kutoka upande wake wa skrini.

Nikakimbilia bafuni, nikarudi na beseni, nikalinyanyua mbele ya kamera.

"Wewe mwalimu una wazimu?" mke wangu akanong'ona kwa ukali. "Beseni langu bovu unawaonyesha maprofesa? Put it down!"

Sikulishusha. Nilijivuna siku ile, sifichi, nikajivunia bakuli, nikajivunia beseni, na zaidi nikamjivunia aliyelishona. Picha za vyombo hivyo viwili zimo kwenye tasnifu yangu, zimewekwa bega kwa bega.

Mipaka ilipofunguliwa tulialikwa harusini Auburn. Kabla pilau haijafika, bwana mmoja akaanza lile swali la takataka. Nikafungua mdomo nimjibu, lakini mke wangu alikuwa ameshatoa simu na kumsogezea picha zile puani.

"La kushoto ni la Wagiriki," akasema, uso juu. "La kulia ni langu, na mpaka leo nafulia."