Fenesi la Sadaka

Jana sokoni mtu kapasua fenesi, harufu ikanivuta pua nikasimama kama nimeitwa. Nikajiona mtoto tena, nipo Maramba, kanisani kwetu Methodisti, nimebanwa katikati ya bibi na wifi yake. Walikuwa wamenuniana kwa sababu ya mfenesi ulioota mpakani mwa viwanja vyao, ila hakuna aliyekubali kuhama benchi. Aliyeumia ni mimi, maana nilikatazwa kucheza na wajukuu wa wifi, na wengine wa kucheza nao sina.

Asubuhi ile bibi alipasua fenesi la mti huohuo alitoe sadaka, wifi asije akalidai. Kwa haraka zake hakupaka mafuta mikononi kuzuia ulimbo wake usimnate.

Mchungaji akasema, "Haya, mpeane amani." Kanisa zima likaanza kushikana mikono. Bibi akatoa vidole viwili tu. Wifi akaudaka mkono wote, ulimbo ukawagandisha.

"Niachie," bibi akanong'ona.

"Niachie wewe, wifi. Umepaka nini?"

"Si ni hilo fenesi lako!"

"Kumbe langu?"

Bibi akaanza kutikisika kwa kicheko, wifi naye akapasuka. Wakatoka nje hivyohivyo kutafuta mafuta ya taa, mimi nyuma yao. Wakasugua mpaka ulimbo ukatoka wote, na mikono bado wameshikana.

"Wajukuu zako waje kwangu kucheza na kula," bibi akasema.

Nikarudi ndani mbio. Watu walikuwa wamefumba macho wanaomba. Nikawapigia kelele wajukuu wa wifi waliokaa benchi la nyuma, "Jamani, tumefunguliwa!"

Kanisa zima likaitikia, "Amina."