Tathmini Niliyomwandikia Mwalimu

Kosa langu ni hili, nalisema mapema nisije nikasingiziwa makubwa zaidi. Nilichukua faili la mwalimu wa mazoezi, nikafungua andalio la somo la Jumatatu, nikaandika kwenye sehemu ambayo anaandika mwalimu peke yake. Na niliandika kwa mwandiko wake. Miandiko ya watu naiweza. Sahihi ya mama kwenye ripoti zangu za shule nimeshaitia mara kadhaa, na hilo tuliache hapo hapo.

Ilikuwa mwaka jana, niko kidato cha tatu. Kila mwezi wa saba chuo kinaleta walimu wa mazoezi shuleni kwetu, huku juu ya Tengeru. Wanafundisha wiki nane, halafu wanarudi kumalizia masomo yao. Huyu wa kwetu alikuwa wa Jiografia, katokea Singida, na baridi ya Meru ilimkuta na shati moja la mikono mirefu. Mama akampangisha chumba cha uani, kule kwenye migomba, akamwongezea na koti la marehemu babu. Koti lilimfika magotini. Siku ya kwanza anaingia nalo darasani, tulisimama kumsalimia huku tunajiuma midomo.

Tulikuwa tunakula naye jioni, kwa hiyo nilimjua kuliko wenzangu. Ukurasa wa kwanza wa faili lake ulikuwa na kichwa kilichopigiwa mistari miwili: "Falsafa yangu ya kufundisha". Chini yake: "Naamini kwamba mwanafunzi ndiye kitovu cha ujifunzaji." Mwalimu wa mazoezi wa Kemia naye alikuwa na sentensi hiyo hiyo. Wa Historia pia. Nikamuuliza ticha kama waliamini wote kwa pamoja au kuna mmoja alianza.

"Dogo, kula," akasema.

Darasani sasa, kitovu kilikuwa ubao. Anaingia, anageuka, anaandika, sisi tunanakili. Ubao ukijaa anafuta kona ya juu kushoto, anaendelea. Nilijua kisogo chake kuliko sura yake. Msimamizi wa kwanza kutoka chuoni alipokuja wiki ya tatu alimwandikia maneno mawili tu, "Unafundisha ubao," akampa alama mbaya. Amebaki msimamizi wa pili, wa mwisho. Ticha alimweleza mama mezani kwamba na huyo akimwangusha, anarudia mazoezi mwaka unaofuata, wakati wenzake wameshahitimu.

"Hutaanguka, mwalimu," mama akamwambia. "Ongeza ndizi."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, mdomo umejaa. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Kilichonichokoza ni Jumapili. Chini ya kila andalio la somo kuna nafasi ya tathmini. Mwalimu akishamaliza kufundisha anaandika pale wanafunzi wameelewaje, na yeye atafanya nini kipindi kijacho. Akishamaliza kufundisha. Ticha wetu yeye alikaa mezani kwetu Jumapili mchana, tumetoka kanisani, akajaza tathmini za wiki nzima. Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kalamu ya bluu: "Somo limeeleweka vizuri. Nitaendelea na mada inayofuata."

"Ticha, mbona Alhamisi haijafika?"

"Ndivyo tunavyofanya wote. Ukikaguliwa na nafasi haijajazwa, umekwisha."

"Na kama Alhamisi tukilala?"

"Nyie mnalala kila siku."

Mama akaita chakula kiko tayari. Akainuka, na ya Jumatatu akawa ameiruka bila kujua, kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Niliona. Nikanyamaza.

Jumatatu tukasoma volkano. Vipindi viwili mfululizo, dakika themanini. Alichora mlima ubaoni kutoka kwenye kitabu, mlima wa nchi ya watu, akaweka mishale na majina ya Kiingereza, tukanakili. Dirisha lilikuwa wazi upande wa kushoto, na siku hiyo mlima Meru ulikuwa umetoka mzima mpaka kileleni, hauna hata wingu. Hakuna aliyeutaja. Jioni ticha yuko bafuni anaoga, faili liko mezani, na mimi nina kalamu ya bluu.

Niliandika: "Wanafunzi arobaini na sita hawakuelewa. Sita walilala. Mwalimu amefundisha volkano dakika themanini huku ameipa volkano mgongo. Mada irudiwe."

Nilicheka peke yangu kama mjinga. Mpango wangu ulikuwa aione, anifukuze kuzunguka migomba, yaishe. Lakini hakuiona. Mtu aliyeandika tathmini zake Jumapili hana sababu ya kurudi kuzisoma.

Jumatano, kipindi cha tatu, mlango ukagongwa. Akaingia mama mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani, mkoba begani. Tukasimama. Ticha alipomwona, chaki ilimvunjikia mkononi. Msimamizi hakuwa ametuma taarifa. Akapita katikati ya madawati kutafuta pa kukaa, na nafasi iliyokuwa wazi darasa zima ilikuwa moja, nyuma kabisa, kwenye dawati langu. Mwenzangu siku hiyo alikuwa na malaria.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Sogea."

Nikasogea mpaka ukutani. Ticha akamletea faili kwa mikono miwili, akarudi mbele, akageukia ubao. Madam akavaa miwani. Anafungua ukurasa, anapiga vema, anafungua mwingine. Somo limeeleweka vizuri. Vema. Somo limeeleweka vizuri. Vema. Akafika Jumatatu. Kalamu ikasimama hewani.

Akasoma. Akarudia. Akatazama dirishani, na mlima ulikuwepo. Akainama kwangu.

"Kijana. Kipindi cha Jumatatu kilikuwaje?"

Hapo ndipo mchekeshaji wa darasa alitakiwa awe na la kusema. "Kizuri sana, madam," nikajibu.

Alinitazama kwa muda ambao sikuupenda.

Kengele ilipolia akaniambia nimbebee kiti nje, kwenye veranda, azungumze na mwalimu. Nikabeba. Nikakiweka. Nikataka kuondoka akasema, "Wewe baki." Akamgeuzia ticha faili.

"Hii ya Jumatatu. Umeandika mada irudiwe. Leo ni Jumatano na uko kwenye matetemeko ya ardhi. Mbona hukurudia?"

Ticha akasoma. Niliona macho yake yanashuka mstari kwa mstari, yakafika mwisho, yakaja moja kwa moja kwangu. Daftari langu anasahihisha kila wiki. Na wa kumwigiza pale nyumbani ni nani mwingine? Angesema tu, "Ni huyu," na angekuwa na haki.

"Sikuandika mimi, madam," akasema. "Lakini ni kweli. Ilikuwa hivyo."

"Nani kaandika?"

Ticha akajifuta chaki mikononi, kidole kwa kidole. Hilo lilinishinda.

"Mimi, madam. Mwandiko tu ndio wake."

Hakuna aliyecheka. Madam akafungua kurasa za mbele. "Na hizi nyingine, za Alhamisi na Ijumaa, zimeandikwa lini?"

"Jumapili."

"Zote?"

"Zote, madam."

Alifunga faili. Alisema ana shule nyingine Usa River, na leo hatoi alama kwa sababu hajui atoe za nini. "Narudi Ijumaa. Fundisha volkano, ile ile. Na humu ndani nisikute kitu ambacho bado hakijatokea." Alipofika ngazini akageuka. "Huyu kijana usimchape. Ndiye pekee aliyeandika baada ya kipindi."

Nilirudi nyumbani nyuma yake, hatua kumi, nikimngoja anigeukie. Hakugeuka. Mama alikuwa shambani akikata ndizi za kupeleka sokoni Jumamosi. Ticha akakaa kwenye kigoda cha jikoni, na lile koti, akaniita.

"Kaa. Umeandika hukuelewa. Hukuelewa wapi?"

"Ticha, ule ulikuwa utani, nisamehe."

"Nimekusamehe. Hukuelewa wapi?"

Ni swali gumu, jaribuni. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza, wanauliza tu kama tumeelewa, tunaitikia ndiyo, tunaenda mapumziko. Nikakuna kichwa. Nikamwambia naelewa kwamba mlima unatoa moto, ila sielewi kinachotoka kinakwenda wapi baadaye. Kwenye kitabu kinaishia kwenye mshale.

Akaanza kunieleza, akafika kwenye mawe, kwamba uji ule wa moto ukipoa unakuwa jiwe jeusi lenye matundu, jepesi. Akaonyesha kwa vidole.

"Kama la mama la kusugulia miguu?"

"Lipi?"

Nikaenda bafuni nikamletea. Jiwe hilo lilikuwepo pale tangu sijazaliwa, bibi alilitumia, limelika upande mmoja likakaa sawasawa na kisigino. Ticha aliligeuza mara tatu. Wiki tano alikuwa analiruka kila asubuhi akioga.

"Dogo," akasema, "hili lilikuwa bafuni?"

Alhamisi jioni aliandaa somo upya na mimi nikiwa darasa zima. Nilisinzia makusudi mara mbili aone atafanyaje. Mara ya kwanza aliendelea kuongea. Mara ya pili aliniuliza swali. Mama alipita na ndoo akatuuliza tuna nini, tukajibu kwa pamoja, "Masomo," na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Ijumaa madam akaja. Ticha akatutoa wote nje tukasimame kwenye nyasi tuutazame mlima wenyewe. Akanyoosha mkono kwa fahari. Tukatazama. Wingu. Meru haukuwepo kabisa, yaani kuanzia mashamba ya kahawa kwenda juu ni weupe mtupu. Mtu wa hapa angemwambia kwamba mwezi wa nane unaweza kukaa siku tatu bila kuuona. Mtu wa hapa nilikuwa mimi, na nilikuwa nimesahau kumwambia.

Mkono wake ulibaki juu unaonyesha wingu. Madam akaandika kitu.

"Sir, mlima haujafika shule leo," nikasema. "Uuandike mtoro."

Wakacheka. Naye akacheka, mara ya kwanza mbele ya darasa, na mkono ukashuka ukaingia kwenye mfuko wa koti, ukatoka na jiwe la mama.

"Basi hiki ni kipande chake. Nani anakijua?"

Kelele zilizotokea hapo! "La miguu hilo!" "Kwetu liko chini ya pipa!" "Sisi tuna kubwa, bibi analikalia!" Alituacha tuongee Kiswahili, wakati somo ni la kufundishwa kwa Kiingereza, na madam alikunja uso, lakini hakumkatiza. Akauliza matundu yametoka wapi. Akanyamaza akingoja, nami najua kungoja kulivyomuuma, maana Alhamisi nilimwona akijifunza. Msichana mmoja wa mbele, ambaye huwa hasemi, akasema uji ukitokota unatoa vipovu, na hapo ukiugandisha ghafla vipovu si vitabaki? Mwingine akasema si kweli, matundu ni ya wadudu. Wakabishana. Ticha akaomba nyundo kwa fundi wa madawati, akalivunja jiwe katikati mbele yetu. Ndani kulikuwa na matundu vile vile, na hakuna mdudu anayefika huko.

Nililiona likivunjika nikajua kuna kesi nyumbani, ila sikuwa na moyo wa kusema.

Hakuwa mzuri kila mahali. Muda ulimwishia, muhtasari hakuufanya, na majina ya Kiingereza aliyataja mbio mbio kama anasoma orodha ya majina. Mwishoni alitugawia nusu karatasi kila mtu, tuandike kwa maneno yetu jiwe lile limetoka wapi. Kisha akakaa kwenye ngazi akazisoma zote, moja moja, madam amesimama pembeni anatazama saa. Ndipo akafungua faili, akaandika kwenye ile nafasi ya chini. Nilikuwa nimebeba kiti tena, nikachungulia: "Thelathini na mmoja wameeleza. Kumi na watano bado, wengi wanadhani jiwe lilirushwa likiwa tayari jiwe. Jumatatu nitaanzia hapo."

Madam alisoma akasaini. "Umefaulu," akasema. "Siyo kwa mbali, lakini umefaulu. Na saa uwe unaitazama."

Jioni ile ticha aliuchana ukurasa wa kwanza wa faili. Akaandika mwingine kwa penseli, eti bado hana uhakika: "Naamini siwezi kujua mwanafunzi amekwama wapi mpaka nimuulize." Nikamwambia ni fupi sana, chuoni watadhani ameishiwa. Akanirushia kifutio.

Mama aliingia kutoka bafuni, kanga kiunoni, miguu imelowa, anauliza jiwe lake liko wapi. Ticha akasimama. Akataka kusema yeye, nikamwahi, nikamweleza mama yote: faili, mwandiko, madam, wingu, nyundo. Nilitoa vile vipande viwili nikaviweka mezani. Mama alivitazama. Akanitazama. Kisha akamgeukia ticha.

"Umefaulu, mwalimu?"

"Nimefaulu, mama."

"Haya, kaa ule." Akanigeukia mimi. "Na wewe hukai. Nenda mtoni ukanitafutie jiwe jingine, na liwe limelika upande mmoja, maana mimi sina miaka mingine arobaini ya kulisugua."