Mume wangu anasema aliyeokoka hana la kuombea msamaha

Admin, jina langu baki nalo wewe, huku Gasorwe tunajuana. Nina miaka thelathini na mbili na watoto wawili. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, amani iliporejea tukarudi hapa Gasorwe, Muyinga, na wazazi, kisha nikaolewa Gitega, mtaa wa Magarama.

Mume wangu ni fundi cherehani, hakuwa mtu mbaya. Mambo yaliharibika alipoingia kikundi cha maombi kinachofundisha kwamba aliyeokoka hayuko tena chini ya sheria yoyote, dhambi zake zimeshalipwa, hata za kesho. Mimi nami nimeokoka, nikaitikia amina. Kumbe mwenzangu keshampa mimba mwimbaji wa kwaya yao.

Nilipomuuliza hakukana hata kidogo. "Sheri," ndivyo anavyoniita akinibembeleza, "ni mwili ulifanya, si mi. Mi niko huru kwa neema." Nikamwambia, basi na mimi nitafute wangu. Akasema, "Hapana. We uko bado kwa sheria, haujafika huko." Jamani, nilichoka. Neema gani hiyo inayoishia kwake tu?

Nikabeba watoto nikarudi kwa baba. Kwetu mke akikimbilia kwao, mume humfuata na pombe, anakiri kosa mbele ya wakwe, ndipo anakabidhiwa mke wake. Baba anajua mkwewe hanywi, akasema hata soda inatosha, mradi aseme amekosa. Neno moja tu. Hataki. Anapiga simu analia, nyumba imepoa, anawakumbuka watoto, lakini eti akiomba msamaha ni kama kusema msalaba haukutosha. Nikamwambia, Yesu kakusamehe, sawa, na mimi je? Mimi ndiye niliyekuwa nafua mashuka waliyolalia yeye na mwimbaji wake.

Jana katuma ujumbe: Jumamosi anakuja na kikundi chake chote, wataimba uani kwetu kumshukuru Mungu kwa kunirudisha. Yaani waimbe, asikiri. Mama ameshaanza kuazima viti. Baba amesema bila lile neno hanitoi. Anasema nikienda, nimejipeleka mwenyewe, na siku matatizo yakinifika, mlango wake nisiubishe.

Bado nampenda, nisiwadanganye. Kusamehe nataka, hata leo. Lakini mtu ambaye hajakosa nitamsamehe nini? Nishaurini ndugu zangu, Jumamosi wakimaliza kuimba niondoke naye, au nibaki kwa baba?