Nira Haifungwi Mkiani

Siku moja nakumbuka, mwanangu, nilichuchumaa mbele ya karakana ya fundi Rajabu, Musoma mjini, nikabandika sikio kwenye chuma kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Nilikuwa natafuta zebaki. Usicheke bado. Utacheka nikimaliza, kama utaweza.

Rafiki yangu wa Makoko, anaitwa Masatu, tulikuwaga tunafanya naye biashara ya dagaa, ndiye aliyenipa siri hiyo. Kwamba ile gololi ya chuma inayokaa nyuma ya gari, ile inayoshika shingo ya tela, ndani yake mna zebaki. Kwamba zebaki haipendi kurudi nyuma, kwa hiyo gari likianza kupanda mlima, yenyewe inakataa, inasukuma kwenda mbele, na tela linakuwa jepesi kama kapu la pamba. Dalili yake, alisema, ni mlio: gonga gololi kwa spana, yenye zebaki italia. Niliamini kuliko nilivyoamini mafundisho ya komunyo ya kwanza. Na kwa ajili ya imani hiyo mzee mmoja wa Butiama alipoteza ng'ombe wake wa kulimia katikati ya msimu wa kupanda. Miaka mingi imepita, na hasira yangu kwa yule kijana niliyekuwa mimi haijapoa hata kidogo.

Ilikuwa imelala, nikiri. Juzi nilikuwa Bunda, nikaona kijana anafungiwa chuma kinachometa kwenye bampa ya gari lake, naye amesimama pembeni anakipiga picha kwa simu. Nilisema maneno ambayo mke wangu ameniomba nisiyaandike hapa. Basi naandika haya mengine.

Nilikuwa nimenunua gari la fowili, haya yanayosukumwa na magurudumu yote manne, kuukuu lakini lina sauti ya kutikisa madirisha ya wilaya nzima. Nilikuwa najenga Butiama, karibu na kwa baba, na nilitaka kuvuta tela la saruji mwenyewe, watu wanione. Fundi Rajabu akaniwekea mbele vyuma viwili vya kuvutia tela. Kimoja cheusi, kizito, kina mikono miwili mirefu ya kuingia chini ya gari mpaka kwenye chasisi, yaani mifupa ya gari, na bolti nene kama kidole gumba changu. Kingine kilikuwa kinang'aa hata ungeweza kujinyolea ndevu mbele yake, kina bolti nne ndogo za kufunga kwenye bampa, basi. Nikachukua spana. Nikagonga gololi ya kile cheusi: du. Nikagonga ya kile kinachong'aa, ikalia kama kengele ya misa.

Rajabu aliichukua spana mkononi mwangu. Kisha akanieleza kwa upole kwamba hicho ni cha pambo, watu wa mjini wanakifunga gari lipendeze, na kwamba kama kweli nataka kuvuta nichukue cheusi, nimwachie gari siku nzima, ateremshe bampa, akague chasisi kama haijaliwa na kutu, apime kimo cha gololi na shingo ya tela. Nikacheka. Nikamwambia fundi, wewe unataka kuniuzia cha bei ya juu. Alinionya pia kuhusu cheni ya usalama, ile inayoshika tela gololi ikiachia, kwamba nayo ifungwe kwenye chasisi. Nikamwambia nitaifunga mwenyewe. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mimi msemo huo nilikuwa naujua, nilikuwa nauimba hata. Mtu anaweza kubeba methali kichwani miaka kumi asiitumie siku moja inayohitajika. Chuma kilifungwa kabla chai yangu haijapoa. Cheni nikaifunga kwenye bampa ileile. Mwanangu, ukiandika jina la ujinga, hapo ndipo pa kuweka nukta.

Nilipakia saruji. Nikikumbuka leo naona mifuko elfu moja, lakini kwa kweli ilikuwa thelathini, na thelathini ilitosha. Nilipinda njia panda ya Makutano naimba. Tambarare ilikwenda vizuri. Tulipoanza kilima cha kuingia Butiama nilisikia gari linalalamika, nikajiambia, sasa zebaki inaanza kazi. Nikakanyaga mafuta. Nyuma kukasikika mlio kama wa turubai linalochanika, na gari langu likaruka mbele, jepesi kabisa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani ni zebaki.

Nikatazama kioo. Bampa haikuwepo. Tela lilikuwa linarudi kilimani peke yake, likiburuta bampa yangu na cheni yangu na kila kitu, na chini, pembeni mwa barabara, mzee alikuwa anapandisha na jozi yake ya maksai, nira shingoni, plau imelazwa ubavuni, wanatoka shambani. Nilipiga honi. Honi ya nini, sijui. Tela halina masikio. Mzee aliruka mtaroni. Ng'ombe waliofungwa nira hawaruki. Tela liliyumba, likamkuta yule wa kushoto kwenye miguu ya nyuma, likalala hapo na saruji yake.

Yule mzee aliitwa Magesa. Nilishuka nikikimbia, nikitoa pole kwa lugha zote ninazozijua. Mzee alimfungua nira yule mzima kwanza, akamsogeza mbali asione. Kisha akaniomba kisu. Sikuwa nacho. Akatoa chake, akafanya lililopaswa kufanywa, na ng'ombe akatulia. Watu walikuwa wamekwisha kujaa, wanasema lao, mmoja akasema huyu wa mjini amekuja kutuua na gari la mkopo. Halikuwa la mkopo, lakini hiyo haikuwa siku ya kubishana.

Mzee Magesa aliokota bampa. Aliigeuza, akatia kidole kwenye yale matundu manne yaliyochanika.

"Kijana, wewe ni wa hapa?"

Nikamtajia baba yangu. Alimfahamu, na hilo lilinichoma zaidi.

"Basi umelima. Nira inafungwa wapi?"

"Shingoni, mzee."

"Mbona yako umeifunga mkiani?"

Akaniambia, bila kupaza sauti, kwamba nira inakaa shingoni kwa sababu pale kuna bega na kuna mfupa. Mkiani kuna nywele tu, na hakuna mtoto wa mfugaji asiyejua hilo. Ningepigwa fimbo ningeumia kidogo kuliko hapo.

Kesho yake nilirudi kwa Rajabu na ile gololi mkononi, ina bonde ubavuni. Nilikwenda na hasira, kama vile yeye ndiye aliyenilazimisha. Nikamuuliza zebaki imevujia wapi. Aliibana kwenye jiliwa, akaikata kwa msumeno, akanipa vipande viwili.

"Hamna zebaki. Hamna kitu," akasema. "Ililia kwa sababu ni tupu. Ile nyingine haikulia kwa sababu ni chuma mpaka ndani."

Hayo tu. Aliporudi kwenye kazi yake nilibaki nimeshika vile vipande kama mtu aliyepewa sadaka asiyoitaka.

Sasa sikia sehemu inayonikasirisha kupita zote, maana hadi hapo unaweza kudhani nililipa na mambo yakaisha. Kwetu ng'ombe hulipwa kwa ng'ombe. Baba alitoa zizini maksai mkubwa, ana shingo kama mlango wa kanisa. Nikampeleka kwa Mzee Magesa nikitembea kwa maringo kidogo. Alimtazama akasema ni mzuri.

"Lakini wangu alikuwa wa kushoto," akasema.

Ng'ombe wa nira, mwanangu, ana upande wake. Wa kushoto anatembea kwenye ardhi ambayo haijalimwa, wa kulia anatembea kwenye mfereji wa plau, na wamejuana misimu. Huyu mpya wa kwetu hakuwahi kuona plau. Tukimfunga kushoto anageuka kumtazama mwenzake, tukimsogeza analala. Nami nikapewa kazi ya kumtangulia na kamba, kila alfajiri, mbele ya macho ya Butiama yote, na Masatu alipokuja kunitembelea alicheka mpaka akakaa chini. Mvua ilikuwa inanyesha, majirani wanapanda, na sisi tunafundisha. Mke wa Mzee Magesa na binti zake wakachukua majembe ya mkono. Nami nilichukua langu. Tulilima robo ya shamba. Robo, mwanangu. Lile eneo jingine liliota magugu, na mwaka ule nyumba ile ilikula mahindi ya kununua, kwa sababu mimi nilipenda mlio wa kengele. Hakuna tusi nililopata kutukanwa lililonifikia kama yale magugu.

Haya, shika nasaha, uiweke mahali ambapo mkono wako unafika. Kabla hujauliza kizuri ni kipi, uliza gari lako limeruhusiwa kuvuta uzito gani, na tela lako likijaa lina uzito gani. Chuma kisichogongwa namba ya uzito kinaoweza kuvuta usikinunue, hata kikipakwa dhahabu. Fundi akisema anahitaji siku nzima, mpe siku nzima na umletee chakula. Akimaliza, lala chini ya gari wewe mwenyewe, na shati lako jeupe, ufuate kila bolti kwa kidole mpaka ukute chasisi. Usipoikuta, usitoke hapo. Cheni nayo vilevile, na ukishavuta siku chache, rudi ukaze nati, kwa kuwa barabara zetu zinalegeza hata meno. Na mtu mnyofu akikuonya usimtafutie sababu ya kukuonya. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuwa umejibiwa na ukacheka.

Unaweza kuninunia kwa ukali huu, ninunie tu, lakini ukague bolti huku umenuna. Anayekuja nyuma yako hajui ulifunga nini wala wapi. Amekuamini kwa sababu yuko barabarani.

Mungu akupe gari lenye mfupa mzima na mikono ya fundi asiyechoka kukuambia ukweli. Akupandishe vilima vyote ulivyopangiwa, na ulichokifunga nyuma yako kifike nawe nyumbani. Amina.