Glavu za Mama Povu

Wenzake katika chumba cha kufulia cha hoteli ndio waliompachika jina la Mama Povu, na maisha yake kweli yalikuwa povu: mashuka asubuhi, taulo mchana, jioni mgongo kama si wake. Pasi ilipomwachia kovu jeupe kidoleni, walimtania. "Mama Povu, siku hizi unajifua na wewe?" Akacheka nao. Ila akaona haya kwa wageni, akaanza kushinda na glavu za mpira. Baada ya miezi kadhaa mikono yote miwili ilikuwa na mabaka meupe, na kucheka kukaisha.

Nyumbani ndiko alikochoka zaidi. Mkamwana wake, binti wa watu mwenye adabu zake, hakumtolea neno baya. Alisema tu, "Mama, ukimbeba mtoto uwe unavaa glavu. Ngozi yake bado changa." Basi bibi akawa anambeba mjukuu wake wa pekee kwa mpira. Ilimuuma sana, lakini mtu aliyetoka kufua kutwa atapata wapi nguvu za kugombana?

Mwishowe akaenda kliniki. Daktari alimfumbisha macho, akayagusa mabaka kwa pamba, na kila mguso aliusikia.

"Dalili za ukoma sizioni," daktari akasema. "Utangotango nao ungekuwa na magamba. Hili la kidoleni ni kovu la pasi tu. Haya mengine, rangi ya ngozi imekufa, na hayamwambukizi mtu." Akatazama mahali mabaka yalipokomea, chini kidogo ya kiwiko. "Glavu zako zinafika hapa?"

"Hapo hapo."

"Basi nazishuku hizo. Kuna watu dawa iliyomo kwenye mpira huwaulia rangi ya ngozi. Achana nazo, mama."

Alirudi akaeleza yote. Mkamwana alimsikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga.

"Nakuamini kabisa, mama." Kisha akafungua kabati, akatoa glavu. "Lakini kwa mtoto, vaa tu. Roho yangu itulie."

"Ndizo zinazoniharibu, mwanangu."

Mkamwana akainamisha uso, ila mkono wenye glavu hakuurudisha. Pale mkekani mtoto alikuwa ameshamwona bibi yake, amenyoosha mikono, analia abebwe.

Mama Povu akazipokea. Akavaa moja, akavaa ya pili, akainama.

"Njoo, mume wangu."