Kokwa za Masuku

Mjukuu wangu anasomea uuguzi. Kila akija likizo ananibana: "Bibi, zamani mlikuwa mnawekewaje dawa kwa nyuma?" Mtoto gani anamwuliza bibi yake mambo ya makalio! Mimi niliishia darasa la tatu, yeye ndiye mwenye madaftari. Haya, nimeandika. Asicheke.

Nilipokuwa mtoto hapa Songea, mitumba ndiyo kwanza inamwagika sokoni, bibi yangu alikuwa na vifaa viwili vya kufungua tumbo. Kibuyu kidogo chenye shingo ndefu kilikuwa cha watoto wachanga. Sisi wakubwa kidogo tuliwekewa bua la jani la mpapai, lile lenye tundu katikati: ncha moja anaipaka mafuta, nyingine anapulizia maji ya uvuguvugu yenye majani aliyoyajua yeye. Ila hakupuliza mpaka utaje umekula nini, na kwa nani.

"Ukidanganya," alisema, "maji yanagoma."

Mwaka huo nilikula masuku yake, yale matunda ya porini yenye kokwa ngumu, kikapu kizima alichokificha nyuma ya mtungi yaive. Nikaona kokwa zitanisema, nikazimeza zote. Nilijiona mjanja. Siku ya nne tumbo gumu kama ngoma, choo hakuna.

"Umekula kwa nani?" Bibi alikuwa ameshika bua.

Chumba cha uani tulimpangisha Mama Zuhura, mwanamke wa kutoka Tunduru, muuza bagia. Bibi hakumpenda tangu alipofika. Mtu gani, alisema, anawachekea watoto wa wenzake bila sababu?

"Kwa Mama Zuhura," nikasema. "Bagia."

Maji yakaingia, yakarudi kama yalivyoingia. Jioni akarudia, vilevile. Mama akaanza kulia. Baba akaenda kusimama mlangoni kwa mpangaji.

"Umemfunga mwanangu tumbo. Mfungue, au kesho utoe vyombo."

"Wallahi, Baba, huyo mtoto wiki hii hata bagia yangu hajaonja!"

"Nimesema kesho."

Nilisikia yote, nikajifunika shuka. Bibi peke yake alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni.

"Maji yangu hayajawahi kugomea uchawi," alisema. "Yanagomea uongo."

Asubuhi akanibeba mgongoni mpaka zahanati. Nesi alikuwa na kifaa chake: mkebe wa bati umetundikwa msumarini, mpira mwekundu unaning'inia. Akanilaza ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Halafu naye, kabla hajafungua maji, akauliza, "Umekula nini, mwanangu?"

Nikautazama ule mpira. "Masuku. Na kokwa zake."

Maji ya sabuni yakashuka polepole. "Pumua kwa mdomo," akasema. Baadaye wakanikalisha kwenye ndoo. Kokwa tulizisikia kabla ya kuziona, ngo, ngo, ngo. Bibi akainama akachungulia.

"Masuku yangu," alisema.

Mjukuu wangu anasema ni sabuni na ule mkebe kutundikwa juu, eti pumzi ya kizee haina nguvu. Labda. Lakini yule nesi naye aliuliza kwanza, na mimi nilikuwa nimeshasema kweli. Sijui. Mpaka leo maji siyaamini, na watoto wanaojibu haraka siwaamini zaidi.

Tuliporudi, vyombo vya Mama Zuhura vilikuwa nje. Bibi akanisukuma mbele. "Sema."

Nikasema, baba yupo, majirani wapo. Baba akatazama chini. Bibi akaniamuru nimlete mtetea wangu mwekundu, ndiyo kwanza ameanza kutaga, nimkabidhi. Nilidhani Mama Zuhura atasema, mwacheni mtoto. Alimpokea, akamfunga miguu kwa kamba ya katani.

"Kuku nimempokea," alisema. "Kulala hapa, hapana."

Nikambebea karai lake mpaka mtaa wa Mjimwema, alikohamia, tumbo bado linauma.

Kuku nilimsahau. Lakini Songea ni ndogo, na tulikutana sokoni miaka mingi. Kila mara nilipiga goti: "Shikamoo, Mama Zuhura." Alizipanga bagia zake. Hakuitika hata mara moja.