Mama Furaha Amempikia Mheshimiwa Aliyetufungia Kazi

Admin, naomba unifiche kabisa, maana kanisa letu ni dogo na watu wananijua hata kwa kikohozi.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, Mkenya. Nilikuja Amerika kusoma chuo mjini Buffalo, nikaoa huko huko, na sasa naishi Columbus na mke wangu na binti yetu Imani. Nimeajiriwa katika ofisi moja ya serikali kuu. Mnaofuatilia habari mnajua kilichotupata: wabunge wa Washington walishindwa kuelewana kuhusu bajeti, serikali ikafungwa, sisi tukaambiwa twende nyumbani bila mshahara mpaka wapatane. Hata kufungua barua pepe ya kazini ni kosa. Simu ya ofisi iko kwenye droo, nami naizunguka droo hiyo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimeosha gari ambalo si chafu. Nimekata nyasi za jirani. Nawasha televisheni, nazima, nawasha tena. Imani alinikuta nimekaa kwenye ngazi mchana, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimefutwa kazi. Nilishindwa kumweleza, kwa sababu sijafutwa na wala siruhusiwi kufanya kazi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wabunge hao hao waliotufungia, mshahara wao unaingia kama kawaida. Sheria inawalinda. Nikilifikiria hilo siwezi kukaa kitako.

Sasa sikieni. Kanisani kwetu tunasali Wakenya na Wakongo pamoja, kwa Kiswahili. Pasta alikuwa amemwalika mmoja wa wabunge hao wa Washington zamani, kabla ya haya yote, na siku yake ikaangukia katikati ya sekeseke hili. Nilidhani ziara itaahirishwa. Thubutu. Sisi Wakenya mnatujua, mheshimiwa akija hatuulizi amefanya nini, tunatafuta kiti kikubwa. Kina mama walimpokea kwa vigelegele, akavishwa shuka jekundu la Kimaasai mabegani. Mke wangu, ambaye ndiye mkalimani wa kanisa, akasimama kando yake na maikrofoni.

Baada ya salamu pasta akasema mwenye neno aseme. Akasimama Mama Furaha. Huyu ni mama wa Kikongo kutoka Kivu, anafunga mizigo kwenye ghala, na binti yake anafanya kazi kama hiyo kule Louisville. Tangu nianze kukaa nyumbani amekuwa akituletea sombe, yaani kisamvu, na samaki, na hakuna aliyemwomba.

"Bon, miye niko na ulizo moja tu," akasema. "Baba Imani iko nyumba, haiko analipwa juu serikali imefungwa. Donc, uyu mheshimiwa, ye iko analipwa ao hapana?"

Nikasema moyoni, Mungu ambariki mama huyu. Mke wangu akashusha maikrofoni, akamgeukia mbunge, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anamshukuru kwa kuja na anamwombea afya; nilimsikia kwa sababu nilikaa karibu, nyuma ya wazee wa Kikongo wasiojua Kiingereza. Mbunge akatabasamu, akamjibu kwa sauti ya chini, Mungu awabariki nyote. Mama Furaha bado alikuwa amesimama.

"Anasema nini?" akauliza.

Mke wangu akainua tena maikrofoni. "Anasema naye mshahara wake umesimamishwa, kama wa Baba Imani."

Watu walipiga makofi. Mama Furaha aliketi akifuta macho. Mimi nilihisi nimechomwa kisu na mtu ninayelala naye kitanda kimoja.

Ndani ya gari nikamuuliza, "Kwa nini umefanya vile?"

"Ulitaka nifanye aje? Mgeni amevaa shuka letu, halafu nimuulize mambo ya mshahara mbele ya watu? Sikulelewa hivyo."

"Na mimi niliyekaa nyumbani kwa sababu yake?"

"Wewe ulikuwa safu ya tatu," akanijibu. "Kiingereza unacho, umekisomea Buffalo. Mbona hukusimama?"

Ukweli ni kwamba nilisimama mara moja tu, mbunge alipoingia. Nilimpa mkono, mikono yote miwili, nikamwambia karibu sana mheshimiwa. Tangu siku hiyo mimi na mke wangu tunaongea habari za mtoto na za chakula tu, basi.

Pengine yangepita. Lakini leo jioni Mama Furaha amekuja na sufuria mbili.

"Hii ni yenu," akasema. "Hii ingine ni ya mheshimiwa. Kesho siko na kazi. Utanibeba na motokari tuimupelekee kwa ofisi yake ya hapa Columbus. Naye iko na watoto, Baba Imani. Batakula nini?"

Mke wangu alikuwa kwenye sinki. Alisikia kila neno, akaendelea kuosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

Nikimwambia Mama Furaha ukweli, kanisa zima litajua kwamba mkalimani wao aliwadanganya, na mke wangu hatashika maikrofoni ile tena. Ndoa yenyewe sijui itasimama vipi. Nikinyamaza, nitampeleka kwa mikono yangu mwanamke anayefunga mizigo kutwa, akampe chakula chake mtu ambaye hajakosa mshahara hata siku moja. Na huyo mtu atakipokea kwa tabasamu, na mimi ndiye nitakayekuwa pale kutafsiri.

Sufuria iko kwenye friji yetu, ameifunga kwa kitenge chake cha Jumapili. Mama amesema atakuja asubuhi na mapema, na ameniambia nivae vizuri. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nisaidieni kwa mawazo usiku huu: nimwambie nini kabla sijawasha gari?